Kisima Kimoja Hakijui Maji Yanaelekea Wapi

Kabla hujanunua hata mita moja ya bomba, nenda chemchemini alfajiri ukakae na akina mama wanaoteka maji. Waulize mambo matatu. Maji yalianza lini kubadilika rangi, ladha au harufu? Yanabadilika mvua inaponyesha au wakati wa kiangazi? Na ni nani aliyeiacha chemchemi hii akahamia nyingine? Jibu la swali la tatu lipe uzito kuliko yote. Mama wa Masisi hajiongezei nusu saa ya kupanda mlima, bidoni ya lita 20 mgongoni na kamba kwenye paji la uso, bila sababu. Andika jina la chemchemi aliyoiacha na ile aliyoihamia. Umeshaanza uchunguzi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye mahali penyewe, Masisi au Walikale katika Kivu Kaskazini, Kongo: fundi wa maji wa zoni ya afya, mwanakamati wa chemchemi, mwanafunzi wa jiolojia aliyerudi nyumbani, au mtu wa mazingira katika ushirika wa wachimbaji. Hauhitaji mtambo wa kuchimba unaobebwa na lori, maana lori lenyewe halitafika. Unahitaji keekee ya udongo ya mkono, mabomba, mchanga, saruji, daftari, na subira.

Ujue kwanza unashughulika na nchi ya namna gani. Masisi ni milima. Mvua inazama katika udongo mwekundu mzito, inashuka polepole mpaka ikute mwamba ambao haujaoza, kisha inateleza juu ya mwamba huo na kutokea ubavuni mwa mlima. Hiyo ndiyo chemchemi: kisima ambacho mlima umekichimba wenyewe, na ndicho cha kwanza kupimwa. Ukishuka kwenda Walikale mambo yanageuka. Ni msitu na mabonde ya Oso na Lowa, mvua karibu mwaka mzima, na maji yako karibu na uso wa ardhi. Huko visima vya kuchimba ndivyo vitakavyokupa habari nyingi. Anayeleta mpango uleule wa visima kwa Rubaya ya Masisi na kwa Njingala ya Walikale hajafika kokote kati ya hizo mbili.

Mtuhumiwa ni nani?

Watu husema "mgodi umeharibu maji" kana kwamba migodi yote ina dhambi moja. Hapana. Kila madini yana uchafu wake, na usipojua unatafuta nini utalipia maabara pesa nyingi upate karatasi isiyojibu lolote.

Rubaya ni koltani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vilima vile hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Kuosha koltani ni kazi ya maji na koleo. Haihitaji dawa. Kwa hiyo ukikuta mtu anatafuta zebaki chini ya kituo cha kuoshea koltani, mwulize kwa upole aliisoma wapi. Uchafu mkubwa wa Rubaya ni tope, kisha vyoo vya maelfu ya watu waliojazana kwenye mteremko mmoja, kisha mazutu na esansi za pampu na jenereta, na betri zilizotupwa. Jambo moja zaidi: koltani hubeba chembe za urani na thori, kwa hiyo ongeza urani kwenye orodha ya maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 30 za urani kwa lita ya maji ya kunywa.

Dhahabu ya Walikale ndiyo yenye zebaki. Lakini hapa wengi hukosea njia. Zebaki hung'ang'ania udongo na tope la mtoni, na ni kidogo sana inayoyeyuka ikasafiri na maji ya ardhini. Panapochomwa mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, moshi hutua palepale, kwenye udongo wa ua na paa la jiko. Basi kwa zebaki anza na udongo wa juu, sentimita 10 za kwanza, kuzunguka sehemu ya kuchomea, halafu tope la mto chini ya sehemu ya kuoshea, halafu samaki. Kisima kije mwisho. Maji ya kisima yakionekana safi usitangaze kwamba hakuna zebaki.

Kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie, Walikale, ni habari nyingine tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya wachimbaji walikwangua mlima ule kwa mikono, na mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ikaanza kuzalisha bati kwa mitambo katika mgodi wa Mpama Kaskazini, hapohapo Bisie. Mwamba wa pale umechanganyika na madini yenye salfa, kama pairiti. Madini hayo yakifukuliwa, yakapigwa na hewa na mvua, huzaa tindikali, na tindikali huyeyusha zinki, shaba, risasi na aseniki zilizolala mwambani. Dalili zake unaziona kwa macho: ukoko wa rangi ya kutu kwenye mawe ya kijito, maji maangavu kupita kiasi yasiyo na kiumbe hai, na karatasi ya pH inayosoma 4 au chini yake. Mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi ni mabaya zaidi kuliko kifusi, kwa sababu ni milango inayopeleka maji hayo moja kwa moja chini. Usiingie ndani ya shimo hata moja ili kupima. Hakuna namba yenye thamani hiyo.

Na wapo watuhumiwa wasiohusika na madini kabisa. Masisi ni nchi ya ng'ombe: josho la kuogeshea ng'ombe lina dawa ya kupe, na zizi lina naitreti. Penye wakimbizi wa ndani, kanuni inayofuatwa na mashirika ya misaada ni kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na kitako cha shimo lake kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Pima kwa kamba. Mara nyingi uchunguzi wote unaishia hapo, na kipindupindu hakikusubiri maabara.

Ruhusa, na tuhuma zitakazokuangukia wewe

Katika nchi hii anayetoboa ardhi anatafuta mali. Hutaweza kumshawishi mtu vinginevyo siku ya pili, kwa hiyo mshawishi siku ya kwanza. Nenda kwa Mwami au mwakilishi wake, kwa shefu wa kijiji, kwa mwenye shamba. Beba keekee waione, fungua begi waone halina kipimo cha dhahabu. Waalike vijana wawili wa kijiji wachimbe pamoja nawe na walipwe. Udongo wote unaotoka shimoni uutandaze juu ya turubai mbele ya watu, usiufiche ndani ya gunia. Kuna sheria unazoweza kuzitaja: sheria ya mazingira namba 11/009 ya Julai 2011, sheria ya maji namba 15/026 ya Desemba 2015, na sheria ya migodi ya 2002 iliyorekebishwa Machi 2018. Lakini penye kizuizi cha barabarani barua yenye muhuri wa zoni ya afya hufanya kazi zaidi kuliko sheria tatu.

Anayeishika barabara leo huenda si yule wa mwezi uliopita. Rubaya ilichukuliwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Walikale-kati ilichukuliwa Machi 2025 ikaachwa mwanzoni mwa Aprili. Panga visima ambavyo mtu mwingine ataweza kuvipima wewe usipoweza kurudi. Bomba linalochungulia ardhini linaweza kudhaniwa ni silaha, basi lipakwe rangi, liandikwe "MAJI – KAMATI", na lijulikane na kila mtu kijijini. Na usichimbe mahali palipopiganiwa mpaka wenyeji wakuambie panalimwa.

Visima vitatu, au usichimbe

Kisima kimoja kitakuambia maji yaliyo ndani yake yakoje. Hakitakuambia yametoka wapi wala yanakwenda wapi, na hilo ndilo swali lenyewe. Maji hufuata mkondo, ila mkondo wa chini si lazima ufuate sura ya mlima unayoiona. Ndiyo maana tunachimba vitatu, kwa umbo la pembetatu, visikae kwenye mstari mmoja. Kimoja kiwe juu ya mahali panapotuhumiwa, mahali ambapo uchafu haujafika. Hiki ndicho wengi hukiacha ili kupunguza gharama, na bila hicho huna kesi. Viwili viwe chini yake. Kwa ghala la mazutu, mita 20 hadi 60 kati ya kisima na kisima zinatosha.

Chagua alama ya marejeo isiyohama, mfano kizingiti cha kanisa, uipe kimo cha mita 100.00. Kwa mpira mwangavu wa maji, ule wa waashi, hamisha kimo hicho hatua kwa hatua hadi mdomo wa kila bomba. Kazi hii inachosha mlimani, na inachukua siku nzima. Kosa la sentimita 10 hapa linaweza kugeuza mkondo wote, kwa hiyo rudi ulikoanza upime tena.

Tuseme sasa umepima uso wa maji: kisima A 98.40, B 97.10, C 97.90. Kutoka A hadi B ni mita 60. Maji yanashuka mita 1.30 kati yao. Yanafikia wapi 97.90, sawa na C? Yakiwa yameshuka mita 0.50, gawanya kwa 1.30, zidisha kwa 60, unapata mita 23 kutoka A. Weka nukta hapo kwenye mchoro wako, iunganishe na C kwa rula. Kote kwenye mstari huo maji yako kimo kimoja. Mkondo unaukata mstari huo kwa pembe mraba, ukielekea upande wa B. Umemaliza, na hukuhitaji kompyuta.

Onyo moja: hesabu hii inaamini kwamba maji yanapita ndani ya udongo kama ndani ya sifongo. Kwenye mwamba wenye nyufa yanapita kwenye mishipa, na kisima chako kinaweza kuukosa mshipa kwa mita mbili. Ndiyo maana chemchemi haziachwi. Penye mashimo ya zamani waweza kumwaga kilo kadhaa za chumvi iliyoyeyushwa juu, kwa idhini ya wanaokunywa chini, halafu ukapima upitishaji umeme wa maji ya chemchemi kila siku. Ukipanda ghafla umeuona mshipa. Usipopanda, hujathibitisha kwamba haupo.

Kuchimba na kujenga

Chimba mwishoni mwa kiangazi, Agosti, maji yakiwa chini kabisa. Kisima kilichochimbwa Novemba Masisi kwa furaha ya kukuta maji haraka huwa bomba kavu Agosti inayofuata. Ukifika kwenye maji, endelea mita mbili au tatu.

Kila nusu mita, weka udongo kwenye turubai kwa mpangilio na uandike: rangi, unyevu, kama ni mfinyanzi au mchanga, mabadiliko yoyote. Usiuinamie kuunusa, mvuke wa esansi na wa zebaki hauna huruma. Chukua sampuli ya udongo kila tabaka linapobadilika. Usipake grisi kwenye keekee. Ioshe kwa maji safi na sabuni kati ya shimo na shimo, vinginevyo utahamisha uchafu kwa mkono wako mwenyewe na kuushangaa maabara.

Bomba ni PVC ya milimita 50. Sehemu ya chini ikatwe nyufa nyembamba kwa msumeno wa chuma, na nyufa hizo zipande mpaka juu ya uso wa maji. Hii ni muhimu kwa mazutu na esansi, kwa kuwa huelea: kisima chenye nyufa chini tu kitakupa maji mazuri huku mafuta yakiogelea nje ya bomba. Viungo viwe vya kusokota au vya skrubu. Fundi atataka kupaka kole. Mkatalie, maana kole ina vimumunyisho ambavyo maabara itaviona na kukusingizia uchafuzi.

Kuzunguka nyufa mimina mchanga mweupe ulioshwa na kuchekechwa. Walikale, usiuchukue mchanga huo kwenye mto unaooshewa dhahabu. Juu ya mchanga weka nusu mita ya bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kisha saruji hadi juu. Bila kizibo hicho maji ya mvua yatateremka kandokando ya bomba, na utakuwa unapima uwanja. Malizia na kisahani cha zege, kifuniko na kufuli. Tia alama kwa tupa kwenye mdomo wa bomba: kila kipimo kianzie hapo.

Kisha teka na kumwaga mpaka maji yaangaze. Yaache yapumzike wiki moja.

Siku ya sampuli

Pima kina kwanza, kabla ya kugusa chochote. Kipande cha bomba la chuma kilicho wazi chini, kikifungwa kwenye utepe wa kupimia, hutoa mlio kikigusa maji. Halafu hesabu: bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita. Maji ya mita 4 ni lita 8, nawe unataka kumwaga mara tatu ya hizo, lita 24, bidoni moja na kitu. Endelea kupima pH na upitishaji umeme. Vikitulia mara tatu mfululizo, sasa ndiyo maji ya ardhi.

Anza na kisima cha juu, kilicho safi, umalize na kinachotuhumiwa zaidi. Glavu mpya kila kisima. Kwa metali, chuja maji kwa kichujio cha mikroni 0.45 hapohapo, ndipo utie asidi ya nitriki. Usipochuja, asidi itayeyusha vumbi la udongo mwekundu na utapata chuma kingi, pengine risasi, ambavyo havikuyeyuka ndani ya maji. Chukua pia chupa moja isiyochujwa, kwa sababu watoto hawachuji. Kwa esansi, vichupa vya mililita 40 vijae pomoni bila kiputo hata kimoja, vikae kwenye baridi ya nyuzi 4, vipimwe maabara ndani ya siku 7 (14 kama vimetiwa asidi). Zebaki ina siku 28, metali nyingine miezi sita. Bakteria hawana subira: ndani ya saa 24, basi wapimwe palepale kwa vifaa vya mkono. Na tafadhali usiombe nafasi kwenye friji ya chanjo.

Kwa kila sampuli kumi, rudia moja na uipe jina la kisima ambacho hakipo. Maabara isijue. Majibu mawili yakipishana sana, tatizo liko kwao au kwako, na ni bora ulijue kabla hujamshtaki mtu. Kila chupa isafiri na karatasi yenye jina la kila aliyeishika. Udongo wa Rubaya unaovuka mpaka ndani ya mifuko midogo unafanana mno na magendo; karatasi hiyo na barua ya zoni zitembee na mzigo, si kwenye simu.

Kusoma majibu

Usianze kwa kulinganisha na mipaka ya dunia. Anza kwa kulinganisha kisima cha juu na vya chini. Floridi ni mfano mzuri. Mpaka ni miligramu 1.5 kwa lita, na upande wa Sake, chini ya moshi na majivu ya Nyamulagira na Nyiragongo, maji hupita hapo bila msaada wa mgodi wowote. Kisima cha juu kikiwa na 2 na cha chini kikiwa na 2, mshtakiwa ni volkano. Cha juu kikiwa na aseniki isiyoonekana na cha chini kikivuka mikrogramu 10 kwa lita, hapo una jambo. Risasi ni 10 pia, kadimi 3, zebaki 6, naitreti miligramu 50.

Lakini raundi moja ni picha moja. Nenda Agosti, rudi Novemba, rudi Aprili, rudi tena Agosti. Mazutu yaliyong'ang'ania udongo hupanda na kushuka na maji, na kisima kilichokuwa safi kiangazi kinaweza kunuka masika.

Majibu yakifika, yasomwe chemchemini kabla hayajasomwa Goma. Sema kwa maneno ya mahali hapo ni chemchemi ipi inywewe, ipi ya kufulia tu, na lini utapima tena. Nakala moja kwa zoni ya afya, moja kwa shefu, moja kwa mwenye mgodi au ghala, siku ileile. Funguo za visima mwachie mama wa kamati ya maji.